Dodoso, mahojiano au kukaa mwaloni: njia ipi kwa utafiti wako wa mwaka wa tatu?

"Mwezi upi?" aliniuliza mama mmoja pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, mkono wake mmoja ukiwa bado ndani ya gunia la dagaa. Nilikuwa nimemsomea swali la 7 la dodoso langu: kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani? Visanduku vilikuwa 4, cha kwanza "chini ya shilingi 100,000". "Mwezi wa giza au wa mbalamwezi, mwanangu?"

Nikabaki na kalamu hewani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina nguvu tena juu ya maji, mitumbwi inapumzika, na mama huyu anauza akiba au anakaa nyumbani. Swali langu lilikuwa limepita kwa msimamizi mara 2, likasahihishwa hadi nukta, na wote tuliolishika hatukuwa tumejiuliza mwezi wa Kirumba ni upi.

Nilisoma sosholojia hapahapa Mwanza. Waliopita njia hiyo wanajua kuwa somo la mbinu za utafiti ndilo linalotoa watu jasho. Nusu muhula mnashinda na waasisi wa sosholojia: Durkheim, aliyetaka mambo ya jamii yachunguzwe kama vitu vinavyopimika, na Weber, aliyetaka kwanza uelewe maana ambayo mtu mwenyewe anaiona katika tendo lake. Halafu ghafla unaambiwa: andika pendekezo, chagua njia, nenda fildi. Ndipo simu yangu inapoanza kupokea ujumbe wa wadogo zangu: "Kaka, shikamoo. Nichukue dodoso au mahojiano? Au niende tu nikakae na wavuvi?"

Hizo ndizo njia 3 ninazozilinganisha hapa. Dodoso nililifanya shahada ya kwanza, mahojiano ya kina nikayafanya shahada ya umahiri. Kukaa na watu, yaani uchunguzi shirikishi, nilikuona kwa mwenzangu wa darasa aliyehamia Igombe, kando ya ziwa hilohilo, kwa utafiti wake; nilimfuata huko mara kadhaa na nimesoma daftari lake lote. Majadiliano ya vikundi na utafiti wa nyaraka nitavigusa kwa kifupi, maana kuna wanaovihitaji kuliko hizo 3.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni swali lako lenyewe. "Wangapi", "mara ngapi" na "kundi lipi zaidi" ni familia moja. "Kwa nini" na "wanalielewaje" ni familia nyingine. "Huwa wanafanyaje hasa, hata kama hawasemi" ni ya tatu. Cha pili ni muda. Sisi tulipewa wiki 6, na najua kuna wanaopewa pungufu. Cha tatu ni fedha, nikimaanisha kile kinachobaki kwenye bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, baada ya kodi ya chumba Malimbe na kula. Cha nne ni kuingia: unafikaje kwa watu na wanakupokeaje. Cha tano ni kazi inayokusubiri ukirudi. Cha sita ni siku ya kutetea ripoti mbele ya jopo. Cha saba sikukikuta kwenye mwongozo wowote wa chuo, lakini kwangu ndicho cha kwanza kwa uzito: njia hii inakuficha nini? Kila njia ina aina yake ya uongo unaoambiwa, na ni heri ujue mapema utadanganywa wapi.

"Urahisi" sikuuweka makusudi. Wengi wanaokimbilia mahojiano wanakimbia hesabu, na wengi wanaokimbilia dodoso wanakimbia kuongea na watu. Wote hukutana na walichokikimbia kwenye sura ya 4 ya ripoti, ile ya matokeo.

Vibali havitofautiani, kwa hiyo nivimalize hapa. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha mtaa au kijiji. Ukienda mwaloni, yaani mahali mitumbwi inapotua na samaki kuuzwa, ongeza uongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwa sababu mtendaji anaweza kukuruhusu na bado hakuna atakayeongea nawe mpaka mwenyekiti wa mwalo akuone. Anza mapema. Barua yangu ilikaa kwenye meza moja siku 9 kwa sababu mwenye muhuri alikuwa safarini.

Dodoso

*Swali linalolifaa.* Idadi, uwiano, ulinganisho wa makundi. Kama unataka kujua ni wachuuzi wangapi wako kwenye vikoba na kama wanawake wanakopa zaidi ya wanaume, mahojiano ya watu 12 hayatakupa jibu hata ungewahoji kutwa.

*Muda na fedha.* Hapa ndipo utakutana na kanuni ya Yamane ya 1967, ya kukokotoa uhoji watu wangapi, ambayo karibu kila ripoti ya mwaka wa tatu inaitaja. Chukulia soko lina wachuuzi 400 kwenye orodha. Ukikubali kosa la asilimia 5, unagawa 400 kwa 2 na kupata watu 200. Ukikubali asilimia 10, unagawa kwa 5 na kupata 80. Tofauti ya namba ndogo kwenye pendekezo ni tofauti ya watu 120 juani. Dodoso la kurasa 4 kwa watu 200 ni kurasa 800 za kutoa kopi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya steshenari ya karibu yenu. Siku hizi wengi wanatumia KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafanya kazi hata bila mtandao na kopi hazihitajiki. Lakini mwaloni kuna maji, mikono ya samaki na watu wanaotamani simu za wenzao.

Kanuni inakupa idadi, haikupi watu. Ukifika Kirumba saa 4 asubuhi na kuhoji kila anayekubali, umewakosa waliofunga biashara kabla hujaamka. Hiyo si sampuli nasibu hata kama sura yako ya 3 inasema ni nasibu. Omba orodha, bahatisha majina kutoka humo, kisha watafute.

*Kuingia.* Karatasi inatisha. Pembezoni mwa ziwa hili watu wanakumbuka Operesheni Sangara ya 2018, nyavu haramu zilipokamatwa na kuteketezwa. Kijana mgeni mwenye karatasi na kalamu, anayeuliza una mitumbwi mingapi na nyavu za matundu gani, anafanana mno na mtu wa doria. Weka maswali ya vifaa mwisho, au yaondoe kabisa kama si ya lazima.

*Linachoficha.* Mambo 2. La kwanza ni heshima. Ile ngazi ya "nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa" ilibuniwa na Rensis Likert wa Marekani mwaka 1932. Hakuwa na mama wa Kisukuma kichwani, ambaye mgeni akimsomea sentensi kwa adabu naye huikubali kwa adabu. Nilikuwa na watu walionikubalia sentensi 10 mfululizo, 2 kati yake zikipingana. La pili ni lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaandika dodoso kwa Kiingereza, tunalitafsiri usiku wa kuamkia fildi. "Mkuu wa kaya ni nani?" nilimwuliza dada mmoja ambaye mumewe alikuwa kambini visiwani. "Akiwepo au asipokuwepo?" Sikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Dawa ni kulijaribu kwanza kwa watu 10 ambao hawatakuwamo kwenye sampuli. Sikufanya hivyo, ndiyo maana ya mwezi ilinikuta papo hapo. Nilichora mistari 2 kwa kalamu pembeni ya swali la 7, mmoja "giza" mwingine "mbalamwezi", yule mama akanitajia kiasi cha kila mmoja bila kusita, na madodoso yote yaliyofuata yana mistari hiyo ya mkono. Mchanganuo wa kipato nilioupata baadaye ulitoka kwenye mistari hiyo, vile visanduku 4 havikunisaidia kitu.

*Baada ya fildi.* Kuingiza data kwenye SPSS, programu ya takwimu, au Excel ni kazi ya siku chache, na majedwali yanatoka upesi. Ugumu ni kuyasema. Nimesoma sura za 4 zinazorudia jedwali kwa maneno, asilimia kwa asilimia, bila kumwambia msomaji kwa nini.

*Siku ya kutetea.* Watakuuliza sampuli uliipataje na orodha ulitoa wapi. Wengine watauliza alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali yako yanakubaliana. Ukiwa na majibu hayo 2 umevuka.

Na kwa kuwa wote tunajua, niseme: dodoso ndilo rahisi kupikwa. Nimeona watu wamekaa chini ya mwembe wakijaziana kwa kupokezana. Siku ya kukusanya, karatasi zao zilikuwa nyeupe, zimenyooka, alama zote za kalamu moja. Zangu zilikuwa na mafuta ya samaki, mchanga na magamba, na msimamizi alizishika kwa ncha za vidole.

Mahojiano ya kina

*Swali linaloyafaa.* Maana, sababu, historia ya maisha. Kwa nini mjane aliyerithi mtumbwi anauweka kwa jina la shemeji? Hilo halina visanduku.

*Muda na fedha.* Kopi huhitaji, unahitaji nauli, vocha na kinasa sauti, ambacho ni simu yako. Unarudi kwa mtu mmoja mara 2 au 3 kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anapakua mzigo. Kwa wiki 6, watu 10 hadi 15 wanawezekana.

*Kuingia.* Polepole kuliko dodoso. Mtu mzima unamwamkia, unaulizia nyumbani, unakaa mahali anapokuonyesha, na ukiweza kusema "mwangaluka" asubuhi unapunguziwa nusu ya ugeni. Kama wahojiwa wako ni wazee wa Kayenze wanaosema Kisukuma, au upande wa Ukerewe wanaosema Kikerewe na Kijita, utahitaji mkalimani. Usimchague mtoto wa mhojiwa. Kuna mambo mama hawezi kuyapitisha mdomoni mwa mwanawe. Ridhaa ya kurekodi iombwe waziwazi, na akikataa andika kwa mkono, wala usiiache simu mezani ikinasa kimyakimya. Hiyo ni kumwibia.

*Yanachoficha.* Mhojiwa anakupa hadithi iliyopangwa. Akishajua wewe ni msomi kutoka chuo, atakusimulia maisha yake kama anavyotaka yajulikane: bidii, uvumilivu, Mungu. Uongo wa dodoso ni mfupi. Huu una mwanzo, katikati na mwisho, na mara nyingi mhojiwa mwenyewe anauamini. Mbinu iliyonisaidia ni kuuliza siku badala ya maisha: "Jana ulipoamka ulifanya nini kwanza?" Mtu anaweza kuyapamba maisha yake yote, ila kuipamba jana saa kwa saa ni kazi.

*Baada ya fildi.* Hapa ndipo wengi wanalia. Saa 1 ya sauti ilinila saa 6 za kunakili, na sauti yenyewe ina injini, muziki wa kibanda cha jirani na bata. Watu 12 wa saa 1 kila mmoja ni saa 72 kabla hujaandika mstari wa uchambuzi. Kisha unasoma, unatia alama, unapanga dhamira, unatafsiri dondoo kwa Kiingereza na kuona "riziki" inakataa kutafsirika. Nakili kila jioni. Mwenzetu mmoja alizihifadhi zote za mwisho, simu ikaingia ziwani Kamanga.

*Siku ya kutetea.* "Watu 12 wanamwakilisha nani?" Swali hili limewaangusha wengi kwa sababu wanajaribu kulijibu kwa hesabu. Hawamwakilishi mtu kwa idadi. Eleza ulivyowachagua na kwa nini uliacha pale: wa 10, wa 11 na wa 12 hawakuongeza jambo jipya. Wanasosholojia Glaser na Strauss waliliweka wazo hilo kwenye maandishi mwaka 1967. Sisi tuliliita kushiba.

Kukaa na watu

*Swali linaloifaa njia hii.* Mazoea ambayo mtu hayasemi kwa sababu hayaoni tena. Nani anamkatia nani bei, nani anapewa samaki wa mboga bila kuomba, mzozo wa mizani unaamuliwaje.

*Muda na fedha.* Muda ndio mtaji, na mwanafunzi hana. Mwanasosholojia William Foote Whyte alikaa na Waitalia wa mtaa mmoja wa Boston zaidi ya miaka 3 kabla kitabu chake hakijatoka mwaka 1943. Wewe una wiki 6, na 1 italiwa na mihuri. Kwa hiyo chagua kona: si "maisha ya wavuvi", bali sehemu moja ya kuanikia dagaa, alfajiri hadi saa 4. Fedha ni ndogo kuliko unavyodhani ukipata mwenyeji.

*Kuingia.* Mwenzangu wa darasa alipokelewa na mama mmoja anayeanika dagaa, rafiki wa shangazi yake. Siku 3 za kwanza hakuuliza kitu. Aligeuza dagaa kwenye chanja, akafukuza kuku na ndege, akatumwa kununua sukari. Siku ya 4 mtu akamwita kwa jina. Kila mtu alijua ni mwanafunzi anayeandika. Alisema siku ya kwanza na kurudia kila alipokuja mgeni. Kujificha na kujifanya kibarua hakukubaliki, na mwaloni hakudumu hata wiki.

*Inachoficha.* Unaona kona yako tu. Alichokiona Igombe hakimwambii lolote juu ya Kayenze. Jinsia na umri vinakufungia milango mingine: yeye binti, hakuwahi kupanda mtumbwi usiku. Tena ukikaa sana unaanza kuwapenda, na daftari linaanza kuwatetea. Kwenye kurasa za wiki ya 4 mwenyeji wake hakosei kabisa.

Kuna pia yale utakayoyaona usiyoyatafuta. Kokoro, wavu wa kukokota, ni haramu, na usiku mmoja utaliona. Amua kabla, pamoja na msimamizi: hupigi picha, huandiki majina, namba za mitumbwi haziingii daftarini. Aliyekukaribisha asije akajuta.

*Baada ya fildi.* Kama uliandika kila usiku, nusu ya ripoti iko tayari. Kama hukuandika, huna kitu, maana kumbukumbu ya wiki 2 zilizopita ni hadithi.

*Siku ya kutetea.* "Tutajuaje hukuyatunga?" Alifungua daftari: tarehe, saa, hali ya ziwa, nani alikuwepo kwa majina ya bandia. Mjumbe mmoja alilisoma kurasa 3, akasahau swali lake la pili.

Na zile nyingine 2

Majadiliano ya vikundi yana asili ya utafiti wa redio walioufanya wanasosholojia Merton na Lazarsfeld kule New York miaka ya 1940, na yanafaa unapotaka kusikia watu wakibishana. Watu 6 hadi 8 wanatosha. Kosa kubwa ni kuchanganya ngazi: tajiri wa mitumbwi akikaa kwenye kikundi kimoja na vibarua wake, utarekodi hotuba ya tajiri na vikohozi. Fanya siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nchi kavu wamelala wakashiba. Soda ni lazima.

Nyaraka zinadharauliwa bure. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wa Mwanza watu 3,699,872, na majedwali yake yanapatikana bila kupanda daladala. Kisesa, wilaya ya Magu, kaya zimefuatiliwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tangu 1994, na machapisho ya kazi hiyo ni mengi. Hapohapo Kisesa kuna makumbusho ya Bujora kwa anayetaka mambo ya kale ya Wasukuma. Tatizo la nyaraka ni kwamba unajibiwa maswali ya mtu mwingine.

Kwa hali yako

Kama una mtoto mdogo au ajira ya mchana, nyaraka ukiongeza mahojiano 4 au 5 ya jioni ni mpango unaobebeka. Kukaa mwaloni kutakuvunja.

Kama unalenga kazi za takwimu, miradi au tathmini, chukua dodoso hata kama hesabu inakuogopesha. Utaulizwa SPSS kwenye usaili wa kwanza. Ila omba msaada wa sampuli kabla ya fildi, maana baada yake hakuna wa kukusaidia.

Kama mada yako inagusa aibu au maumivu, mfano ndoa, deni, ugonjwa au ajali za majini, dodoso liache. Hakuna anayemweleza mgeni msiba kwa kuweka alama ya vema. Chukua mahojiano, watu wachache, na jua utafanya nini mtu akianza kulia.

Kama una ndugu au mwenyeji wa kweli mwaloni na kichwa chako kinapenda kuandika kila siku, kaa naye. Bila mwenyeji, usijaribu kwa wiki 6.

Kama msimamizi wako anaamini namba tu, au simulizi tu, mwulize mapema na umsikilize, kisha omba kuongeza njia ya pili kwa kiasi kidogo: madodoso 80 na mahojiano 5, au mahojiano 12 yenye karatasi fupi ya takwimu za wahojiwa. Wengi hukubali ukiwaeleza kila moja inajibu swali lipi. Mchanganyiko usio na sababu unakupa kazi ya ripoti 2 na alama za moja.

Na kabla hujaandika ratiba ya fildi kwenye pendekezo, fungua kalenda inayoonyesha mwezi mpevu. Wachuuzi wahoji siku za giza, wakiwa na mzigo. Wavuvi wafuate mbalamwezi. Mimi nilipanga kwa kufuata kalenda ya chuo, na wiki nzima ya kwanza nilikuta chanja tupu na mbuzi wamelala chini yake.